Nguo za Anna

Kofia ya Anna ilipotea Jumatatu, saa nne asubuhi, mtoto akiwa amelala kwenye beseni kando ya mtambo wa pombe. Mama yake, Zipora, aliitafuta kila pembe ya kiwanda kidogo cha pombe ya jini alikofanya kazi, pale Mkonze, asiione. Mchana alipopima pipa, akakuta limepungua kikombe kimoja, ilhali lakiri iliyoziba mfuniko haijaguswa.

Jumanne ikapotea soksi. Jumatano sweta. Na kila siku, kikombe kimoja.

Mwenye kiwanda, Elisha, alikeneka pombe ya zabibu za Dodoma, akiichemsha na kuuvuna mvuke wake, pamoja na punje za mreteni, mti unaoipa jini harufu yake, kwa mtambo mkuukuu wa shaba uliotoka London. Zipora alipomweleza, hakucheka. Alimsimulia kwamba jini ilianza Uholanzi kama dawa, askari wakainywa kutafuta ujasiri vitani, kisha ikavuka hadi London, ikauzwa kila kichochoro, na huko wako akina mama waliouza nguo za watoto wao wapate kikombe.

"Na nguo zilipokwisha?" Zipora aliuliza.

Elisha aligeuka akaenda kukaza koki ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

Ijumaa Zipora alitoka kidogo tu kuanua taulo, na aliporudi alipokewa na harufu ya mreteni na sufu iliyolowa, na ndani ya shaba sauti ya mwanamke ilikuwa ikibembeleza kwa lugha asiyoijua, polepole, kama mtu anayelewa, na Anna hakuwamo kwenye beseni bali chini ya mtambo, uchi kabisa, amezungukwa na nyayo mbichi za mtu mzima, akimchekea mtu ambaye Zipora hakumwona.

Alimnyakua, akakimbia naye hadi kwa Bi Mwajabu, mganga mwenyeji wa Kondoa aliyeishi mtaa wa pili.

Bibi alikuja na ubani. Aliufukiza, akavua viatu, akaweka sikio kwenye shaba, akasikiliza mpaka jasho likamtoka.

"Ni mama," alinong'ona. "Ana kiu, na hana tena cha kuuza. Mwambie wewe. Mimi hatanisikia, sinyonyeshi."

Zipora alimkumbatia Anna.

"Mama mwenzangu," alisema, "huyu hauzwi. Kunywa chako, uende."

Bibi akamwashiria Elisha aliyesimama mlangoni, naye akafungua mapipa yote. Jini ikamwagika uani, mchanga ukainywa yote, na kwenye bomba la mtambo ikatoka pumzi ndefu, kisha kilio kilichopita juu ya ua wa michongoma kikielekea porini, kikififia, hadi wakabaki wakisikia upepo tu.

Asubuhi Zipora alifungua mlango wa nyumba yake, akakuta nguo za Anna kizingitini, zimefuliwa na kukunjwa. Kofia, soksi, sweta, gauni. Chini yake kulikuwa na kigauni kingine, kisicho cha Anna, cha kitani, cha kizamani, chenye kiraka kifuani.

Alikiokota akitaka kukitupa. Kilikuwa bado na joto la mwili.