Kidirisha cha Chipu

Jumamosi ile nilifagia sebule, nikafua mashati, nikayaanika, kisha nikakaa kwenye kompyuta ya nyumbani kufunga kifaa nilichoazima kwa fundi redio. Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Mke wangu alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka, na tangu hapo nilikuwa nikifanya jambo moja, halafu jingine, bila kuhisi chochote baina ya hayo.

Mke wangu alikuwa fundi wa vifaa vya elektroniki. Mama yake, ninayeishi naye, macho yamefifia na husahau dawa yake ya presha. Basi mke wangu alimtengenezea kisanduku cha mbao, ndani yake akaweka saa, spika na chipu aliyoirekodi mwenyewe. Kila adhuhuri kisanduku kilisema kwa sauti yake: "Mama, dawa. Umekula lakini?" Kilinyamaza kidogo, mama ajibu, kisha kikamalizia: "Haya, meza na maji. Maji, Mama, si chai!"

Na mama alijibu. Alijibu mwanawe akiwa jikoni anamcheka, na akaendelea kujibu tulipotoka kuzika. Hakuna aliyethubutu kumkataza.

Kisha kisanduku kikaanza kukwaruza. Maneno yakawa yanakatika. Siku moja kilisema "Mama" tu, kikanyamaza, na mama akakaa na kidonge kiganjani hadi jioni, akisubiri kuulizwa kama amekula. Nilipomwambia ameze, alinitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Simu ya mke wangu ilipotelea hospitalini. Sauti yake haikuwa imebaki mahali pengine popote. Niliamua kuisoma ile chipu, niihifadhi kwenye kompyuta, kisha niiandike kwenye chipu mpya.

"Kidude chenyewe hakina maneno mengi," fundi redio aliniambia akinikabidhi kifaa cha kusomea chipu kwenye mfuko. "Marehemu alikuwa akikiazima anakirudisha kinang'aa. Wewe, Mwalimu, ukinirudishia na madoa ya chai nitakudai sabuni."

"Kuna la kuangalia?"

"Moja tu. Juu ya chipu, chini ya stika, kuna kidirisha cha kioo. Ukibandua stika, usiache chipu juani. Mwanga wa jua hufuta."

"Hufuta kiasi gani?"

"Kama ubao wa darasani."

Nilifuata maelekezo. Niliweka programu, nikachomeka waya, kompyuta ikakataa kukitambua kifaa. Nilihamishia waya tundu la nyuma, nikazima, nikawasha tena. Taa ya kijani ikawaka. Programu ikataka namba kamili ya chipu, na namba ilikuwa chini ya stika. Stika ilikuwa na mwandiko wake: *Mama, dawa*. Niliibandua polepole kwa kucha. Ikachanika hata hivyo.

Meza ya kompyuta ilikuwa inapigwa na jua. Nilikumbuka onyo. Niliichukua chipu nikaiweka kwenye meza ya chakula, karibu na dirisha la upande wa pili, mahali ambapo jua halifiki kabisa. Niliiacha hapo nikihangaika na programu, ambayo haikuwa na namba ile kwenye orodha yake hadi nilipoipakua upya. Nje ya dirisha lile, ng'ambo ya ukuta mfupi, ni karakana ya mtu anayechomelea mageti. Dirisha lilikuwa wazi. Mwanga wa buluu ulikuwa ukimetameta ukutani kwetu asubuhi nzima. Niliuona. Hata macho nilikuwa nikiyafumba.

Nilipoiweka chipu kwenye soketi ya kifaa, nikabana wenzo na kubofya *Soma*, ukurasa ulijaa F. F mbili mbili, kutoka juu hadi chini. Nikasoma tena. F.

Nilimpigia fundi.

"Uliiweka juani?"

"Kivulini."

"Hiyo kelele nyuma yako ni ya nini?"

"Jirani anachomelea geti."

"Aisee. Ule mwanga ni mkali kuliko jua, Mwalimu. Hizo F maana yake ni tupu." Akashusha sauti. "Pole sana."

Alikuwa ameshanipa pole makaburini. Sasa alinipa ya pili, na niliipokea vilevile, nikasema ahsante.

Sikulia. Nilitazama saa. Ilikuwa karibu adhuhuri, na niliwaza tu kwamba sasa ni mimi nitakayemkumbusha mama. Kisanduku kilikuwa mezani kwangu, kimefunguliwa, betri pembeni. Chipu ilikuwa imebanwa kwenye soketi. Nilivaa ndara, nikaelekea chumbani kwake.

Kabla sijafika mlangoni nilimsikia.

"Nimekula, mwanangu."

Nikasimama.

"Kidogo tu. Hamu sina."

Kimya. Sikusikia kitu. Karakana nayo ilikuwa imetulia.

"Maji, ndiyo. Si chai." Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akanong'ona: "Nani kakufunua?"

Kimya kirefu.

"Mwanga?"

Niliingia. "Mama, unaongea na nani?"

Glasi ilikuwa tupu. Kidonge hakikuwepo. Alinigeuzia uso, akasema taratibu, bila hasira:

"Mbona umemfunua mwenzio?"

"Nimemfunua nini, Mama?"

"Anasema mwanga unamchoma. Kamfunike."

Habari za stika sikuwa nimemwambia. Hakujua hata kwamba kisanduku kimefunguliwa.

Nilirudi. Nilikata kipande cha utepe mweusi, nikakibandika juu ya kidirisha. Nikabofya *Soma*.

Hapakuwa na F hata moja.

Nilihifadhi faili, nikaigeuza kuwa sauti, nikavaa vipokea sauti masikioni.

Haikuwa sauti ya mke wangu. Ilikuwa ya mama. "Nimekula, mwanangu." Baada yake kimya, cha urefu wa swali. "Kidogo tu. Hamu sina." Kimya tena. Nikasikia ndara zangu zikisita mlangoni. Nikasikia swali langu mwenyewe, likitokea mbali kidogo, kama anavyolisikia mtu aliyekaa kitandani kwa mama. Chipu ile haina kipaza sauti. Haina sikio. Ilikuwa chumba kingine, imebanwa.

"Kamfunike," mama alisema.

Ndara zikaondoka.

Kisha, karibu sana, karibu kuliko sauti zote, midomo ikafunguka. Pumzi ikavutwa ndani, kama ya mtu anayetaka kuita.

Rekodi ikaishia hapo. Chipu ilikuwa imejaa.

Nilirudisha kifaa kikiwa safi. Fundi alikigeuzageuza, akasema zipo chipu kubwa zaidi ya ile, nikitaka atanitafutia. Sikumuuliza kwa nini amesema hivyo. Nilimwambia nitafikiria.

Mama hajakosa dawa tena. Kisanduku bado kiko wazi mezani. Kila adhuhuri hukaa ukingoni mwa kitanda akajibu, na mimi husimama mlangoni nisisikie kitu.

Faili bado ninayo. Huwa naiacha iende hadi mwisho, hadi ile pumzi. Halafu najikuta nimeshaitikia:

"Naam."