Pikapu Iliyonyamaza

Soko la Morogoro asubuhi ile lilikuwa halipitiki kwa matenga ya nyanya, na pikapu ya Dadi iliingia ikigonga kama mtu anayechonga kinu. Ilikuwa ya zamani, rangi yake ya kijani imebaki milangoni tu, na Dadi alikwishazoea watu kugeuka. Aliyegeuka na kubaki anatazama alikuwa msichana mwenye baibui jeusi na mtandio wa rangi ya chungwa, kwapani ana vitambaa vya kushona.

"Kaka, hizo ni tapeti," alisema. "Usije ukadanganywa kwamba injini imekufa."

Dadi akacheka, akamuuliza yeye ni fundi wa nguo au wa magari. Msichana, jina lake Hafidha, akamwambia afungue boneti. Akaomba bisibisi ndefu, akagusisha ncha yake juu ya injini na mpini sikioni, akamtaka akanyage mafuta polepole. Kisha akampa naye asikilize. Mlio ukitoka chini, alieleza, hapo ulie. Huu unatoka juu, kwenye valvu, ni tapeti zimelegea tu, na injini ikipata moto unapungua. Baba yake alikuwa dereva wa lori maisha yake yote, na kwao watoto walijua kusikiliza injini kabla ya kujua kusonga ugali.

Dadi hakurekebisha kitu. Yeye alibeba ndizi na nanasi kutoka Kinole, na kina Hafidha walikaa Mkuyuni, kando ya barabara hiyo hiyo. Kupiga honi mbele ya nyumba ya baba wa binti ni kukosa adabu. Lakini mlio ule ulisikika tangu kona ya chini, na pikapu ikifika, Hafidha alikuwa ameshatoka na beseni la maji ya kumwaga. Wakaanza kwa salamu, zikaja simu, ukaja utani. Dadi alimwita fundi wangu. Yeye akamwita bwana kelele.

Mvua za vuli zilipokatika, Dadi akamwambia anataka kutuma wazee. Hafidha hakupenda kujibu kwa simu.

"Siku utakayoniona nimetoka na ile kanga uliyoninunulia," alisema, "ujue waje."

Dadi akawaza: wazee wataendaje kuposa ndani ya gari linalogonga? Akaipeleka pikapu kwa fundi, tapeti zikarekebishwa, oili ikabadilishwa, injini ikatulia kama cherehani mpya. Akapanda mlima na shati jeupe lililopigwa pasi. Hakutoka mtu. Kesho yake vilevile. Wiki nzima alipita taratibu mpaka bodaboda zikawa zinampita, akiona shuka zimeanikwa na kuku wanachakura, kanga hakuna. Akaona jibu ndilo hilo. Simu hakupiga, nani anapiga simu ili akataliwe na kwa mdomo?

Ikaita yenyewe.

"Dadi, kama umebadili mawazo ungeniambia," Hafidha alisema, sauti ndogo. "Wiki nzima niko ndani na kanga yako kama mwali."

"Nimepita kila siku."

"Hujapita. Ningekusikia."

Dadi akageuka kuitazama pikapu. Halafu akasema polepole, "Nimerekebisha tapeti."

Upande wa pili kikaja kicheko ambacho alikwishakikatia tamaa.

"Jamani, mpenzi. Kesho piga honi."

"Mbele ya mzee?"

"Mzee ndiye anayeuliza. Kila ikifika saa yako anapaza sauti toka chumbani, yule kijana wa tapeti kapatwa na nini."

Kesho yake Dadi akapiga honi, fupi, kama anayebisha hodi. Hafidha akatoka amejitanda kanga ile, buluu na njano, na nyuma yake baba mtu anajikongoja. Dadi akashuka bila kuzima injini, akatoa shikamoo. Mzee akaitikia bila kumtazama, akaenda moja kwa moja kwenye boneti, akatega sikio. Akasikiliza mpaka Hafidha akaanza kutafuna pindo la kanga.

"Walete wazee wako," mzee akasema. "Ila honi, leo mwisho."