Chozi la Babu Wendelini

Kila Jumamosi mchana, Dorine akishaosha vyombo na kujaza ndoo mbili za maji, alibakiwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote: kumsindikiza Babu Wendelini uwanjani. Babu alivaa jezi ya Radi, timu ya mtaa wao wa Bombambili, mjini Songea. Ilikuwa namba saba, ya kijani hapo zamani. Sasa hata rangi yake hujui uiiteje.

"Mume wangu, na hilo dekio lako tena?" Dorine alimtania.

"Mke gani wewe, hata ugali hujui kusonga!" Babu alijibu.

Bibi Kasiana, aliyekuwa akipukuchua mahindi barazani, aliangua kicheko. "Mchukue, mke mwenzangu. Mimi nimeshamchoka."

Ndivyo walivyoishi. Kwao mjukuu na babu yake ni watani, na neno la utani halinuniwi.

Dorine alikuwa darasa la saba, na kocha Valence alikuwa amemkabidhi ukurasa wa Radi mtandaoni. Alirekodi mechi kwa simu ya mama yake. Zamani watu walikuja uwanjani kwa kuitwa na majirani. Siku hizi walitazama kwanza kwenye simu bao la wiki iliyopita, ndipo wakaja. Hata wana Bombambili waliohamia Mbeya na Dar es Salaam walishangilia kwa kuandika. Daimu, mwenye duka la vifaa vya michezo mjini, aliahidi, "Mkifikisha wafuasi elfu tano, naivalisha timu nzima jezi mpya bure." Walikuwa mia nane tu.

Jumamosi moja Radi ilifungwa dakika ya mwisho. Watu wakatawanyika. Babu akabaki amekaa chini karibu na goli, akijifuta uso kwa upindo wa jezi, akilia kama mtoto. Dorine akamrekodi. Chini ya video akaandika vilevile ambavyo angesema nyumbani: "Mume wangu kapigwa, analia na dekio lake!" Akaituma.

Kufikia Jumatano wafuasi walikuwa wamepita elfu tano. Wengi wao hawakujua hata Songea iko upande gani. "Mzee kalewa ulanzi," waliandika. "Mchangieni nguo, hata ya mtumba." Mwanzoni Dorine alicheka. Alipozidi kusoma, akaacha kucheka. "Ni utani tu," alijiambia, akaiacha video pale pale.

Alhamisi Babu alienda mashineni kusaga mahindi. Vijana wa bodaboda walipomwona wakapiga kelele, "Mzee Dekio! Lia kidogo tupige picha!" Mbele kidogo, mlangoni kwa Daimu, akakuta bango kubwa lenye uso wake umelowa machozi. Limeandikwa: "Usilie kama babu. Jezi mpya zipo hapa." Babu alirudi nyumbani na mahindi yake bila kuyasaga. Akavua jezi, akaikunja, akaiweka chini ya godoro.

Jumamosi ilipofika, Dorine alisimama mlangoni kwa Babu. "Mume wangu, twende, tunachelewa."

Babu hakugeuka. "Nenda tu, Dorine," alisema taratibu.

Tangu Dorine azaliwe, Babu hakuwahi kumwita kwa jina. Dorine alihisi kama amefungiwa mlango. Akamkimbilia Bibi jikoni.

"Jezi ile unajua ni ya nani?" Bibi aliuliza.

"Ya Babu."

"Ya Rupert, baba yako mdogo. Aliichezea Radi, akafariki wewe hujazaliwa. Jumamosi ile ndiyo ilikuwa siku ya kumbukumbu ya kifo chake. Babu yako hakulilia bao, mama."

Dorine alikaa sakafuni akalia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaosha uso, akamfuata kocha Valence, wakaenda wote kwa Daimu.

"Shikamoo," alimsalimu Daimu. "Naomba uliondoe hilo bango. Mimi ndiye niliyemrekodi Babu, na sikumwomba ruhusa."

"Marahaba. Lakini bango linaniletea wateja," Daimu alijibu. "Nikilitoa, na jezi zenu nazo basi."

Dorine alimtazama kocha. Kocha akavuta pumzi ndefu. "Litoe, ndugu yangu. Tutacheza na tulizonazo."

Bango likashuka. Dorine akaifuta video, akaandika kwamba alikosea, kwamba mzee yule si mlevi, alikuwa akimlilia mwanawe. Wengi wakaandika pole. Lakini video ilikuwa imeshaingia kwenye simu za watu, na huko mkono wake haukufika.

Jioni alipiga magoti mbele ya Babu. "Nisamehe, Babu."

"Nimekusamehe," Babu alisema. "Ila aibu, mjukuu wangu, haiondoki siku moja na msamaha."

Zikapita Jumamosi nne bila Babu uwanjani. Ya tano alikuja, amevaa koti, akaketi kwenye benchi la nyuma kabisa. Hakuimba wala hakupiga makofi. Dorine alitaka kumkimbilia, lakini Bibi, aliyekuwa amekuja naye, akamshika bega.

"Sikiliza kwanza," Bibi alisema. "Sisi tukimcheka babu yako, tunamcheka tukiwa tumemshika mkono. Wale wa kwenye simu walimcheka bila kumshika. Utani ni wa wanaojuana. Kabla hujaupeleka uso wa mtu kwa wasiomjua, mwulize mwenyewe. Akikataa, acha, hata uahidiwe nini."

"Nimesikia, Bibi."

Dorine akaizima simu, akaenda mpaka benchi la nyuma. Babu akasogea kidogo, akampa nafasi ya kukaa.