Mwali wa Usingizi

Tak! Kijiko cha mti kiligonga sakafu. Alfajiri ilikuwa bado.

Mwanahamisi alikiokota, akakifuta kwa ncha ya kanga yake.

"Zena! Mutoto wangu, uji bado iko kinywani."

Zena alifungua macho polepole. "Nimemeza, shangazi."

"Hujameza. Umelala."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Kazi ya mwali ni kula na kulala."

Akaurudisha uji jikoni, akaupasha moto tena bila kunung'unika.

Huo ulikuwa wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani, hapa Rumonge kando ya Ziwa Tanganyika. Zena, binti wa Mzee Asmani muuza mawese, alikuwa amewekwa ndani akingoja harusi yake na Ramazani. Hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kumwona, na shingo yake ilifunikwa kitambaa kama ilivyo desturi. Uso ulikuwa umejaa, macho yamelegea. Wanawake waliokuja kumchungulia walipiga vigelegele.

"Mwali amenawiri huyo!"

Ramazani naye alikuwa akimfanyia kazi daktari wa Kidachi. Alipita kwa mtumbwi kutoka Gitaza mpaka Kigwena, akipapasa shingo za watu kutafuta tezi zilizovimba, dalili ya malale, ule ugonjwa wa usingizi. Watu walimwita Mshika Shingo. Siku hiyo aliporudi, alikwenda moja kwa moja nyuma ya ua wa matete, mahali ambapo wachumba walikubaliwa kusalimiana bila kuonana.

"Zena, amahoro?"

Kimya.

"Ni mimi. Nimekuletea ndagala wa Gitaza, wale dagaa wakavu unaowapenda."

Kimya.

"Juzi pia hukunijibu. Kama umebadili moyo, niambie tu. Nitaondoka kwa heshima, sitakuchafulia jina."

Mwanahamisi akatokeza kichwa.

"Unalilia matete, baba? Amelala."

"Jua hili lote?"

"Analala akila. Jana alilala akisukwa nywele. Mwali mororo huyo, umebahatika!"

Ramazani hakucheka. "Shangazi, unapomsugua liwa, shingo yake ikoje?"

"Wewe! Shingo ya mwali unaiulizia nini?"

"Nakuomba, nijibu."

Mwanahamisi alitazama chini. "Iko na vipunje huku nyuma. Kama kunde. Nilidhani ni joto la kitambaa."

Ramazani aliweka ndagala chini, akaenda kumtafuta Mzee Asmani. Alimkuta anakoroga mawese jikoni.

"Baba, Zena apelekwe kwa daktari leo. Nina hofu ni malale."

"Binti yangu hashikwi shingo kama mbuzi wa sokoni!"

"Mbuzi hushikwa ili achinjwe, baba. Huyu nataka asife."

"Malale ni ya wavuvi na wapagazi. Mwanangu hatoki nje!"

"Kabla hajawekwa ndani, nani alichota maji kijitoni, kule kwenye vichaka vya mbung'o?"

Asmani alikoroga kwa nguvu zaidi. "Mbung'o anauma, anakwenda zake. Atamwachia nini?"

"Vidudu. Vidogo mno, macho hayavioni."

"Ha! Macho ya watu wote hayavioni, ya Mshika Shingo yanaviona!"

"Iko chombo cha shaba chenye vioo, hadubini. Hata kwao Ulaya, baba, wazee wao walisema maradhi yanaletwa na hewa mbaya. Aliyewaambia kwamba tone la maji lina viumbe hai, walimshangaa. Mpaka walipotazama wenyewe."

"Mimi sijatazama. Mwali ni mwali. Mwanamume wa kumtoa humu ndani ni mumewe tu."

"Basi nioze leo."

Mwiko ulimponyoka Asmani. "Leo? Wageni wa Ujiji hawajafika! Watu watasema ana mimba!"

Mwanahamisi alikuwa amesimama mlangoni.

"Wacha waseme, kaka. Watahesabu miezi mpaka wachoke. Sanda haingoji wageni wa Ujiji."

Asmani akamtazama dada yake. Alinawa mikono, akamtuma mtu kumwita shehe.

Alasiri waliketi barazani, watu wachache, kuku wawili chunguni. Asmani aliingia ndani kumuuliza binti yake kama amekubali. Akatoka.

"Amenyamaza," alisema. "Kimya cha mwali ni ridhaa."

Shehe alitaka kuendelea. Ramazani akainua mkono.

"Samahani, shehe. Yuko macho?"

Asmani akakohoa. "Amelala kidogo."

"Kimya cha usingizi si ridhaa. Tungoje aamke."

"Wewe si ndiye mwenye haraka?"

"Nina haraka ya kumponya, si ya kumuiba."

Wakangoja. Kuku wakaiva, wakapoa. Mwishowe sauti nzito ilisikika nyuma ya pazia.

"Shangazi, kuna nini?"

"Unaolewa, mwanangu. Na Ramazani. Unakubali?"

"Nakubali." Akapiga miayo. "Mbona mumechelewa?"

Hata shehe alicheka.

Ndoa ilipofungwa, Ramazani aliruhusiwa kuingia. Alifungua kitambaa, akapapasa ile shingo kama alivyopapasa shingo nyingi pwani nzima.

"Zipo?" Zena aliuliza.

"Zipo. Iko dawa ya sindano, lakini sitakudanganya. Wengine wanapona. Wengine imewapofusha."

"Nikipofuka utanichukua?"

"Nimekwisha kukuchukua. Mbele ya shehe na kuku wawili."

Zena alitabasamu. "Basi nipeleke kabla sijalala tena."

Asmani aliwafuata mpaka kambi ya wagonjwa, amenuna, amebeba mkeka wa binti yake kichwani. Daktari alichoma tezi kwa sindano nyembamba, akaweka tone juu ya kioo, akainama kwenye hadubini. Halafu akatikisa kichwa kwa huzuni: vidudu vimo.

"Na mimi nitazame," alisema Asmani.

Daktari alimpisha.

"Naona nyasi nyeusi!"

"Hizo ni kope zako, baba," Ramazani alimnong'oneza. "Sogea nyuma kidogo."

Asmani akasogea. Akatulia. Mara akashika ukingo wa meza.

"Kinacheza! Kama samaki mkunga ndani ya wavu. Ya Rabi, hiki ndicho kinachomlaza mwanangu?"

"Ndicho."

"Na mimi nilikuwa namlisha nikifurahi kwamba ananenepa." Aliinua uso, machozi yanamtiririka. "Ramazani, mwanangu. Leo nimetazama."

Miezi ikapita. Sindano zilimuumiza Zena, na kuna siku alisema anaona ukungu. Daktari akapunguza dawa, ukungu ukaondoka. Si wote walioamka katika kambi ile. Karibu naye alilala mama mmoja wa Muhuta asiye na jamaa, na Asmani, alipoleta mawese na samaki, alimpakulia mama yule kwanza. Hakuna aliyemwomba. Ramazani alipelekwa na wenzake kukata vichaka vya ufukweni wanamojificha mbung'o, akawa anarudi Ijumaa tu. Mara nyingi alimkuta Zena amelala. Alikaa akimpepea, kisha akaondoka.

Ijumaa moja, alipokaribia kibanda, alisikia kitu. Kwaru, kwaru, kwaru. Alisimama kusikiliza. Kilikuwa kijiko kinakwangua chini ya bakuli.

Zena alikuwa ameketi wima, anakula mwenyewe. Mwanahamisi alikuwa pembeni, mikono imemtulia magotini kwa kukosa kazi.

"Umebakiza?" Ramazani aliuliza.

"Wewe nani?"

"Mume wako."

"Ah, yule anayekuja nikilala! Uso wako nilikuwa nimeanza kuusahau. Umekonda, Mshika Shingo. Hawakulishi huko?"

"Daktari anasemaje?"

"Leo ametazama tone langu, hakuona kitu. Sindano bado ziko, ila anasema tumaini iko kubwa."

Ramazani aliketi kando yake. Alimshika shingo, pole pole, akatafuta zile kunde. Zilikuwa zimenywea.

Wakaongea mpaka sauti zikawakauka: nyumba watakayoijenga, wageni wa Ujiji waliokuja na kukuta harusi imekwisha, majirani ambao bado wanahesabu miezi. Kisha wenzake wakamwita kutoka mtumbwini.

Alikuwa tayari ameingiza mguu majini Zena alipotokea mlangoni, ameshika nguzo, jua linampiga usoni.

"Ramazani! Ijumaa uje tena kuniona."

"Nitakuja."

"Uje kweli. Utanikuta macho."