Mkono wa Eivind

Jumamosi hiyo mvua ya Bergen ilikuwa imewaonea watu huruma kidogo, na mji mzima ukamiminika soko la samaki. Enzi hizo simu zilikuwa za ukutani, na picha ulisubiri wiki nzima uione. Torunn, muuza mikate, alikuwa amevaa koti la manjano na sketi ya sufu ya kijani, kamera ya marehemu baba yake ikining'inia shingoni. Alirudi kinyumenyume ili nyumba za mbao za ng'ambo ya gati zienee kwenye picha, kisigino kikagonga kitu.

"Wee dada, angalia!"

Aligeuka akaidaka stendi ya kamera kabla haijalala chini. Mwenyewe alikuwa kijana mrefu, ndevu nyekundu, mikono ndani ya mifuko ya sweta.

"Samahani kaka, sikuiona."

"Miguu mitatu yote hiyo hukuiona? Basi mimi mwenye miwili utaniona lini?"

Torunn akacheka mpaka muuza kamba akageuka. Kijana akasema anaitwa Eivind. Torunn naye akamweleza shida yake: picha zake hutoka na ukungu, kama vile watu wote wa mji wamelewa.

"Mwanga wa hapa ni hafifu, kamera inabaki imefumbua jicho muda mrefu. Mkono wa binadamu hautulii kiasi hicho. Njoo. Mguu mmoja uelekeze mbele, kwenye kile unachokipiga. Fungua kwanza vipande vya juu vya miguu, vile vinene. Upepo ukizidi, ning'iniza mkoba wako hapo katikati. Na usibonyeze kamera yenyewe. Bonyeza kwa huu waya, taratibu."

"Unafundisha kila anayekupiga teke?"

"Warembo tu."

Picha ile ilitoka kali kama kioo. Kuanzia hapo kila Jumapili walipanda mlima Fløyen na stendi begani mwa Eivind, wakangoja saa ile ya alasiri ya majira ya baridi mbingu inapogeuka buluu na taa za bandari kuwaka. Jioni simu ililia kwenye korido ya nyumba aliyopanga Torunn.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula mkate uliobaki dukani."

"Na mimi umenibakishia nini?"

"Wivu. Mwokaji amenisifia nywele leo."

"Mwambie huyo mwokaji aangalie unga wake!"

Lakini kulikuwa na jambo. Eivind hakumshika mkono hata siku moja. Nyumbani kwa mama yake Torunn, kahawa ilipoa mbele ya Eivind bila kuguswa.

"Mwanangu," mama alisema baadaye, "asiyegusa kahawa ya nyumba hana nia na nyumba."

Siku ya taifa, mwezi Mei, Torunn alivaa vazi la kwao lenye vifungo vya fedha. Bendi zilipita, wapenzi wakitembea mkono kwa mkono.

"Nipe mkono basi, Eivind. Wote wameshikana."

"Si leo, Torunn."

"Lini? Unanionea aibu?"

Eivind aliinamisha kichwa, mikono mifukoni. Torunn akaondoka akilia katikati ya umati wenye furaha. Simu ilipolia jioni, akamwambia mwenye nyumba aseme hayupo. Ikalia kiangazi chote, mwishowe ikanyamaza.

Agosti, alipokwenda stesheni kumpokea shangazi yake, garimoshi lilichelewa akaingia mkahawani. Pembeni, akiwa amewapa watu mgongo, alikaa Eivind. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na bado kahawa ilikuwa inamwagikia mikono ya shati. Torunn alisimama pale hata akasahau shangazi. Kisha akaenda akaketi mbele yake.

"Tangu lini?"

Eivind alitaka kuificha mikono, akaghairi. "Tangu utoto. Baba anao mtetemeko huu, babu pia. Daktari anasema hauui, ila hauponi."

"Na stendi…"

"Bila stendi nisingepiga hata picha moja. Nilikuona unashika vitu bila kufikiri kama vitaanguka, nikasema huyu nitamchosha."

"Mjinga mkubwa wee! Mimi nimelia kiangazi kizima nikidhani una mwingine!"

"Mwingine yupi? Nani atamtaka mtu anayemwaga kila supu?"

Torunn alicheka na machozi yakimtoka. Akauchukua mkono wake juu ya meza, palepale mbele za watu. Ulitetemeka ndani ya wake, hakuuachia.

"Torunn, nataka kukuoa. Ila pete nitakuvalisha vipi? Nitaidondosha mbele ya kasisi."

"Idondoshe. Kasisi ana mgongo, atainama aiokote."

Walifunga ndoa vuli ile, mvua ikipiga madirisha ya kanisa. Waliokuwepo wanasimulia mpaka leo: Eivind aliinyanyua pete, ikawa inachezacheza hewani, kanisa zima likabana pumzi. Torunn hakungoja. Alisogeza kidole chake, akakiingiza mwenyewe ndani ya pete ile isiyotulia. Na aliyelia kwa sauti kuliko wote alikuwa mama yake, kiti cha mbele.