Siri ya Dale Kwenye Ukurasa wa Kijiji

Arlene Hostetter alikuwa mpishi wa shule ya Stover Gap, na mikono yake haikujua kutulia. Kila Machi alipika pia kwenye jumba la zimamoto, siku ya bahati nasibu. Zawadi zilikuwa bunduki, miaka nenda miaka rudi. Kwa fedha za tiketi kikosi cha zimamoto cha kujitolea kilinunua matairi ya gari lake na mipira ya kupitishia maji.

Mdogo wake, Dale, alikuwa naibu mkuu wa kikosi. Alizoea kuingia jikoni na kuchovya mkate kwenye sufuria ya kuku.

"Toka hapa, mdokozi!" Arlene alikuwa akimfukuza kwa mwiko.

"Napima tu kama kuna sumu, dada. Watu wana watoto."

Mwaka mmoja, wiki tatu kabla ya bahati nasibu, jambo baya lilitokea. Mtoto wa miaka sita alikuta bunduki chini ya kitanda cha wazazi wake. Akampiga dada yake risasi mguuni. Dale ndiye aliyemfunga msichana yule jeraha. Arlene alikuwa akimpakulia chakula shuleni kila siku.

Jumamosi asubuhi Arlene akaandika kwenye ukurasa wa kijiji, ule wa mtandaoni: "Mwaka huu tusitoe bunduki. Tutoe kitu kingine."

Majibu yakamiminika. Merle Zook, mwindaji wa siku nyingi, alitangulia.

"Mpishi wa shule leo ni waziri wa ulinzi! Rudi jikoni, viazi vinaungua."

Watu wakacheka. Mwingine akamwambia ahamie mjini. Arlene akawaka. Akabandika namba aliyoiona kwenye picha fulani ya mtandaoni: nusu ya nyumba za wilaya zina bunduki isiyofungwa.

Dale akauliza, "Dada, namba hiyo umeitoa wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Jibu lake lilikuwa neno moja tu: sijui. Lakini kuulizwa na mdogo wake mbele ya kijiji kizima kulimchoma Arlene. Akaandika:

"Wewe ndiye wa kuniuliza, Dale? Waambie watu jinsi Keith alivyofyatua bunduki yako jikoni, akiwa na miaka minne!"

Ilikuwa kweli. Miaka ishirini na sita iliyopita Dale aliegemeza bunduki yenye risasi nyuma ya mlango. Mwanawe Keith akaishika. Risasi ikatoboa dari. Hakuumia mtu. Siku ile Dale alikwenda kwa dada yake akalia kama mtoto. Tangu hapo hakuacha bunduki nje ya kabati la chuma hata dakika moja. Hayo Arlene hakuyaandika.

Simu ya Arlene ikalia.

"Nilikuambia wewe peke yako," Dale alisema. "Nikilia. Mezani kwako."

"Dale, nilikuwa na hasira..."

Dale akakata simu.

Jioni hiyo Shawna, mke wa Keith, akaandika kwa wote wasome: "Wanangu hawatakanyaga tena nyumba ya babu yao." Dale alikuwa na wajukuu wawili, na kila Jumapili alishinda nao.

Kesho yake Arlene akaenda kwa jirani yake, Bi Wanda Fetterolf. Bi Wanda alikuwa amestaafu kazi ya usuluhishi mahakamani. Ndiye pia aliyesimamia ukurasa ule.

"Nifutie maneno yangu, Bi Wanda."

"Nimeshafuta. Lakini maji yaliyomwagika hayazoleki, Arlene. Na mimi nina kosa langu. Nilikuwa bustanini nikipogoa waridi huku nyinyi mnararuana. Keti."

"Nilikuwa nawatetea watoto!"

"Mwanzoni, ndiyo. Baadaye ulitaka kushinda. Uliandika siri ya Dale ili nani aokoke?"

Arlene alilia, na Bi Wanda akamwacha alie.

"Sasa nifanyeje?"

"Kwanza, omba radhi pale pale ulipotukania. Usiweke 'lakini'. Pili, namba usiyojua imetoka wapi, iondoe na useme umeiondoa. Tatu, uliza swali moja, linalojibika."

"Na Merle akinitukana?"

"Tusi nitaliondoa mimi, hoja yake nitaiacha. Wewe tafuta anachoogopa. Kirudie kwa maneno yako, umuulize kama umemwelewa. Hapo ndipo umjibu. Na ukiwa na hasira, andika, usome kwa sauti kana kwamba amekaa mbele yako. Usichoweza kumwambia usoni, usikitume."

"Na ya Dale?"

"Ya ndugu hayamalizwi ukurasani. Nenda ukagonge mlango."

Arlene aligonga. Dale hakufungua, ingawa gari lake lilikuwa uani. Akaenda kwa Shawna, akamweleza habari yote, pamoja na kabati la chuma na miaka ishirini na sita.

"Sasa ndiyo unaniambia, shangazi?" Shawna alisema. "Mbona nusu ya kwanza uliharakisha?"

Usiku wa aibu hauna mto laini. Asubuhi Arlene aliandika: "Nilitoa siri ya ndugu yangu ili nishinde. Nilikosea. Namba ile sikuihakiki, msiitumie. Swali langu ni moja: tufanye nini ili bunduki tunayoitoa isifikiwe na mtoto?"

Merle akajibu, "Leo mnaomba kufuli, kesho mtakuja kuzichukua bunduki zetu."

Arlene aliandika jibu kali. Akalisoma kwa sauti. Akalifuta.

"Unahofia kwamba kufuli ni mwanzo wa kunyang'anywa. Nimekuelewa sawasawa?"

"Sawasawa. Haya, sina ugomvi na kufuli yenyewe. Ugomvi wangu ni kulazimishwa na watu wasionijua."

"Na kikosi kikikupa sanduku la chuma pamoja na bunduki?"

"Nani akatae sanduku la bure?"

Mabishano yalichukua siku tisa. Bi Wanda aliondoa matusi kumi na moja, mengine ya watu wa upande wa Arlene. Mwishowe kikosi kilipiga kura: kila bunduki itatoka na sanduku lenye kufuli. Bahati nasibu ikabaki. Arlene hakupata alichotaka mwanzoni, na alikubali.

Kufikia kiangazi, familia nane ambazo hazikushinda chochote zilikuja kuomba kufuli. Merle ndiye aliyezigawa, tena kwa majigambo. Shawna alianza tena kuwapeleka watoto kwa babu yao. Mambo ya kijiji yalitengemaa.

Dale alirudi ukurasani mwezi Agosti. Arlene alikuwa ameuliza kama masanduku yatolewe tena mwakani. Jina la mdogo wake lilipotokea, aliweka mwiko chini akasoma.

Dale aliandika kwa adabu, bila tusi, kama Bi Wanda alivyofundisha.

"Hoja ni nzuri, naiunga mkono. Lakini aliyeileta sijamsamehe, na asinigongee mlango."

Arlene aliandika jibu, akalisoma kwa sauti jikoni peke yake, kisha akalituma.

"Unaunga mkono masanduku, na hutaki nije kwako. Nimekuelewa sawasawa?"

"Sawasawa," Dale akajibu.