Waogaji wa Nezasa

Alhamisi ile ilianza kama Alhamisi nyingine yoyote. Theluji iliyoanza kuanguka alfajiri ilikoma kabla ya adhuhuri, na ilipofika saa saba mchana jua hafifu lilikuwa limekaa juu ya bonde letu la Okuyu kama kiini cha yai bichi. Chizuru Tateishi alikaza mkanda wa kimono yake ya kazi, akapangusa kipaza sauti, akasimama mlangoni mwa treni, kituo cha Shirasawa, mwanzo wa reli, kuwapokea abiria. Wageni kumi na tisa, wengi wao wazee wa mjini waliokuja kuloweka magoti yao katika maji moto ya Takinoyu, mwisho wa reli.

Namjua Chizuru. Nyumba yao na yetu zimetenganishwa na mfereji tu. Haya aliyasimulia mara moja, jikoni kwetu, na hakuyarudia tena.

Ilikuwa treni ya matembezi, mabehewa mawili yenye madirisha makubwa, na kwa miaka mitatu kazi ya Chizuru ilikuwa kuwasimulia wageni habari za bonde wakati treni ikipanda. Alisema juu ya maporomoko ya maji yaliyoganda, wachonga vinyago vya mbao, na Nezasa.

Bibi yake, Fusae, mama mzaa baba, alipanda akitoka zahanati, kama kila Alhamisi. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Akakaa kiti cha nyuma kabisa katika behewa la pili, akavuta pazia.

"Mgongo unasemaje, bibi?" Chizuru alimwuliza.

"Daktari anasema niache kubeba vizito. Nikamwambia, na hii miaka yangu nimtwike nani, wewe?"

Wakacheka. Ndicho kicheko chao cha mwisho.

Siku hiyo alipanda pia meneja mpya, bwana Kurosaka, kijana wa mjini, kiatu kinang'aa kwenye theluji. Akamvuta Chizuru pembeni.

"Wageni wananiandikia," alisema. "Wanasema hadithi yako ya Nezasa unaikata mkia. Unaita mara tatu, wanaitikia, halafu unanyamaza."

"Ndivyo inavyosimuliwa, bwana meneja."

"Mwito wa nne upo?"

Chizuru akasita. "Upo."

"Basi leo uite. Mtu akilipa kusikiliza hadithi, apewe yote."

Nezasa ni baada ya handaki la pili. Leo ukipita huoni kitu, mteremko mweupe tu na nguzo moja ya jiwe. Zamani palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na hodhi la maji moto, makali kiasi kwamba mtu peke yake hakuthubutu kuyaingia. Waliingia wote pamoja, kwa amri. Mkuu wa hodhi alisimama ukingoni akihesabu. "Bado dakika tatu!" akaita, nao wakaitika kwa sauti moja ili wapate moyo. "Bado dakika mbili!" Wakaitika. "Bado dakika moja!" Wakaitika. Hakuna aliyejitikisa, maana mmoja akijitikisa maji hucheza na kuwaunguza wenzake. Na hakuna aliyetoka mpaka mkuu aseme, "Tokeni taratibu."

Miaka sabini na miwili iliyopita, mlima uliwaporomokea wakiwa majini. Watu thelathini na mmoja.

Mkuu wa hodhi alikuwa baba yake Fusae. Mama yake alikuwa majini. Fusae, mtoto wa miaka saba, alikuwa ametumwa nje kumletea baba viatu vyake vya mbao. Alisikia, "Bado dakika moja!" Alisikia wakiitika. Kisha hakusikia tena neno la binadamu.

Ndiyo maana sisi wa bonde hili, treni ikifika pale, tunavuta mapazia na kufunga midomo. Chizuru alipopata kazi ile, bibi yake hakumzuia. Alimwambia tu, "Kazi ni kazi. Waite mara tatu ukitaka, hayo walishayasikia. Lile la nne libaki kinywani mwako."

"Kwa nini, bibi?"

"Kwa sababu hawajaambiwa watoke."

Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Chizuru aliijua methali hiyo. Lakini baba yake alikuwa mgonjwa, kazi bondeni ni chache kama meno ya kuku, na meneja alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, mikono nyuma, anatazama saa.

Treni ikatoka handakini. Hapo reli inapanda sana, na mwendo hupungua mpaka uwe wa mtu anayetembea. Chizuru akaleta kipaza sauti mdomoni.

"Bado dakika tatu!"

"Oooi!" abiria wakaitika, wakicheka. Mzee mmoja aliinua kikombe chake cha chai.

"Bado dakika mbili!"

"Oooi!"

"Bado dakika moja!"

"Oooi!"

Akanyamaza, kama kawaida yake. Akamtazama meneja. Meneja akamwashiria kwa kichwa aendelee.

Nyuma kabisa, pazia la Fusae lilifunguka. Uso wake ukatokea. Alikuwa akipunga mkono: hapana, hapana.

Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Tokeni taratibu."

Abiria wakangoja kuambiwa kama waitike. Hawakuitika. Hata mmoja.

Kitu kingine kiliitika.

Haikuwa sauti kubwa. Ilitoka chini, chini ya sakafu, chini ya reli, sauti nyingi zikiwa moja, za wanaume na wanawake na watoto, kama watu waliojaza kinywa matope. "Oooi." Vikombe vya chai vikatetemeka kwenye visahani.

"Hiyo ni kinasa sauti?" mama mmoja alinong'ona. "Mmefanya vizuri sana."

Meneja Kurosaka alitabasamu. Alidhani ni ubunifu wa Chizuru.

Kisha treni ikasimama.

Haikufunga breki. Injini ilikuwa ikiunguruma, magurudumu yakizunguka bure kwenye chuma. Simu ya dereva ikalia ukutani. Chizuru akaipokea. Dereva Ueki alikuwa amepanda na kushuka njia hii kwa miaka ishirini na sita, na Chizuru hakuwahi kusikia sauti yake ikitetemeka.

"Chizu. Umempakia nani?"

"Hakuna, kaka Ueki. Kumi na tisa walewale."

"Usinitanie. Treni imejaa. Nahisi uzito. Imejaa pomoni."

Chizuru akageuka. Behewa la pili lilikuwa na viti vitupu vingi. Mito ya viti vile ilikuwa imebonyea. Yote. Na kutoka kila mto, maji yalikuwa yakichuruzika sakafuni, yakitoa mvuke.

Harufu ya yai viza ikajaa. Madirisha yakafuka mvuke kwa ndani, moja baada ya jingine, mpaka dunia ya nje ikapotea. Joto likapanda. Watu wakavua makoti. Kisha fulana za sufu. Kisha hawakuwa na la kuvua. Mzee wa kikombe aligusa kioo akapiga yowe, akaushika mkono wake. Mama aliyenong'ona akateleza kitini, uso mwekundu kama nyama, macho yamegeuka. Meneja Kurosaka alivuta mpini wa mlango wa dharura kwa mikono miwili. Mlango haukusogea. Kulikuwa na kitu kinachouegemea. Vitu vingi.

"Fungua!" alimnong'oneza Chizuru, kana kwamba aliogopa kusikiwa. "Wafungulie! Sema kitu!"

Chizuru aliinua kipaza sauti. Alihisi, anasema, kama mtu mfupi amesimama mbele yake, karibu sana, akimpumulia kifuani, akisubiri.

Fusae akaja akitembea katikati ya viti. Polepole, huku akiinamisha kichwa kushoto na kulia, kama mtu anayepita katika umati na kuomba njia.

"Samahani," alikuwa akisema. "Samahani, mama Okita. Samahani, mzee. Nipisheni kidogo."

Akafika. Akauchukua mkono wa mjukuu wake, wenye kipaza sauti, akaushusha.

"Bibi, nisamehe. Bibi, mimi…"

"Nyamaza. Umewaambia watoke. Hukuwaambia waende wapi. Nyumba hawana, nguo hawana. Wameona mlango wakaingia." Alikuwa akitoka jasho, lakini sauti yake ilikuwa tulivu. "Hawana ubaya. Ni moto tu walio nao. Wakikaa hapa dakika kumi, watu hawa watachemka kama mayai."

"Tufanye nini?"

"Wewe, hakuna. Wanataka mkuu wa hodhi. Na baba yangu hayumo humu. Nimewapita wote, hayumo. Amebaki kule kule ukingoni, anangoja mtu ampelekee viatu."

Akavua koti, akalikunja. Akavua viatu na soksi, akaviweka juu yake. Chizuru alimshika kiunoni.

"Hapana, bibi! Hapana. Niende mimi, ni mimi niliyeita!"

Fusae akamzaba kofi. Hakuwahi kumpiga maishani mwake. Kisha akalishika lile shavu, akaliweka kwenye lake.

"Baba yako yupo kitandani anakungoja. Mimi mama yangu yupo hapa, amesimama nyuma yako. Ananitazama na hanijui, maana nimezeeka kumpita." Akamwachia. "Nitakapoita, wataitika. Wewe usiitike. Hata nikikuita jina. Umenisikia?"

Akauweka mkono mlangoni. Ukafunguka kama pazia.

Baridi ikaingia. Fusae akashuka kwenye theluji, miguu mitupu, akageukia mteremko mweupe. Na yule bibi kizee mwenye mgongo mbovu akatoa sauti ambayo Chizuru hakuwahi kuisikia kwake, sauti nzito, ya kiume, ya mtu aliyezoea kuamrisha.

"Ingieni taratibu!"

"Oooi."

Treni ikapanda juu kwenye springi zake. Kwa mkupuo mmoja, kama lori lililoshusha mawe. Mito ikainuka. Abiria wakavuta pumzi, wakakohoa, wakalia. Nje hakuonekana mtu ila Fusae peke yake, akipanda mteremko, na mvuke mzito ukimfuata nyuma.

"Bado dakika tatu!"

"Oooi."

Mvuke ukamfunika.

"Bado dakika mbili!" Mbali sasa.

"Oooi."

"Bado dakika moja!"

Wakaitika. Chini kabisa.

Kisha, nyembamba, sauti ya bibi mwenyewe, ile ya kila siku: "Chizu?"

Chizuru aliuma mkono wake mpaka damu ikatoka. Hakuitika.

Treni ikaondoka.

Taarifa ya kampuni ilisema mtambo wa kupasha joto uliharibika, na kwamba bibi mmoja alichanganyikiwa akashuka. Daktari wa Takinoyu aliwatazama abiria wote kumi na tisa. Hawakuwa na majeraha makubwa. Lakini ncha za vidole vyao zilikuwa zimenyauka na kujikunja, kama za mtu aliyekaa majini siku nzima. Meneja Kurosaka aliacha kazi wiki ile ile. Wanasema hakubali tena kuoga, hujipangusa kwa kitambaa kikavu.

Watu wa uokoaji walifika Nezasa kabla jua halijazama. Nami nilikuwemo. Hatukumpata Fusae. Tulikuta nyayo zake zikipanda mteremko, na kuzunguka nyayo hizo, nyayo nyingine, miguu mitupu, mikubwa na midogo. Kila unyayo ulikuwa umeyeyusha theluji mpaka ardhini, na ndani yake yalikuwa yameota majani mabichi, Januari ile. Zote zilipanda. Zote ziliishia mahali pamoja, penye jiwe tupu.

Tulianza kurudi ndipo dereva Ueki akaniita kwa mkono. Akanionyesha.

Upande wa pili wa reli kulikuwa na mstari mmoja wa nyayo, za mtu mzima, miguu mitupu, wenye majani mabichi. Huo haukupanda. Ulishuka na reli, kuelekea Shirasawa. Tuliufuata kwa kurunzi, kilomita nne. Ulipita mahandaki yote mawili. Ulipita daraja. Ulipanda jukwaa la kituo, ukavuka, ukaenda moja kwa moja hadi mlango wa chumba cha wafanyakazi, alimovalia Chizuru kimono yake kila siku, ukaingia.

Tulifungua. Ndani hapakuwa na mtu. Dirisha lilikuwa na komeo. Sakafu ilikuwa kavu.

Hatukuona nyayo za kutoka.

Chizuru sasa anauza mboga. Kituo bado kipo, na treni bado inapanda. Ukipita Shirasawa wakati wa baridi, tazama kizingiti cha mlango ule. Theluji ianguke siku tatu mfululizo, jukwaa lote lifunikwe mpaka magotini, pale haishiki.